Macho ya Mtu Mzima: Msafiri Mchovu katika Nyanda za Juu Kusini, 1959

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 1959 alipita Mbeya Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 55, mnene wa kiwiliwili na mzito wa kusikia, ambaye kwao alikuwa amekwisha hesabiwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa nathari katika karne yake. Jina lake lilikuwa Evelyn Waugh. Aliondoka Uingereza tarehe 28 Desemba 1958, akapanda meli Genoa, akapita Port Said na Aden, akashuka Mombasa. Kisha akazunguka Tanganyika kwa muda wa majuma kadha kabla ya kwenda Rhodesia na kurudi kwao. Safari hiyo ilizaa kitabu chembamba, A Tourist in Africa, kilichotoka mwaka 1960. Ndani yake Mbeya imepewa maneno machache tu. Waugh aliyaona mapaa mekundu na miti ya kigeni, akaona hoteli iliyochukua jina la reli katika mji usiokuwa na reli, akafikiri kuwa hapo pamewekwa kitongoji cha Kiingereza cha bustani. Wala hakuona sababu yoyote ya mji huo kuwapo.

Maneno ya namna hiyo huwaudhi wenyeji, nao wana haki ya kuudhika. Lakini historia ya miji ya Nyanda za Juu Kusini ina maandishi machache, na sehemu kubwa ya hayo machache iliachwa na wapita njia. Kwa hiyo neno la mpita njia haliwezi kutupwa kwa kuwa limeudhi, wala kupokewa kwa kuwa limeandikwa vizuri. Sharti liulizwe limetoka katika macho gani. Na katika habari hii macho yenyewe yalikuwa na jambo: yalikuwa ya mtu aliyekuwa akizeeka, aliyeichoka dunia, na ambaye hali hiyo aliijua na kuikiri.

Kwanza apewe haki yake. Mbeya haikuota penye njia kuu ya misafara ya kale kama zilivyoota Tabora na Ujiji. Ilianzishwa mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya upande wa kaskazini, ilipokuwa ikiwavuta watafutaji wa kila rangi. Katika miaka ya 1930 dhahabu hiyo ilikuwa miongoni mwa mali kubwa zilizotoka Tanganyika, na serikali ikaufanya mji uliokaa chini ya mlima Loleza kuwa makao ya jimbo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili dhahabu ilififia. Waliobaki ni makarani, polisi, wenye maduka wa Uhindini, na walowezi wachache walioshuka mjini kununua mahitaji yao. Mtu aliyefika mwaka 1959, akaketi barazani pa hoteli na kutazama bustani, aliweza kudhani kwa nia njema kabisa kwamba ameonyeshwa ganda ambalo kokwa yake imekwisha liwa.

Iringa haikuwa na shida hiyo. Barabara iendayo Mbeya kutoka kaskazini hupita kwanza Iringa, na jina lenyewe husemwa limetokana na lilinga, yaani ngome. Wajerumani waliibomoa Kalenga, makao ya Mkwawa, tarehe 30 Oktoba 1894. Miaka miwili baadaye wakaanza mji wao juu ya kilima kitazamacho mto Ruaha Mdogo. Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe. Fuvu lililosemwa kuwa lake lilikaa Ujerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na bado lilikawia mpaka tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolileta kutoka Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu. Mgeni wa mwaka 1959 alipita basi katika mji uliokuwa na sababu zaidi ya moja, kisha akaingia katika mji ambao sababu yake ilikuwa haijaandikwa na mtu. Ugumu wa kuona ulikuwa katika ule wa pili.

Waugh hakuwa mgeni wa Afrika. Mwaka 1930, akiwa na miaka 27, alipelekwa Addis Ababa na gazeti kuandika habari za kutawazwa kwa Haile Selassie. Sherehe zilipokwisha hakurudi kwao moja kwa moja. Alikwenda Harar akazurura katika vichochoro vya mji ule wenye kuta, akamwuliza askofu mzee wa Kikatoliki habari za Rimbaud, mshairi wa Kifaransa aliyepata kufanya biashara huko. Akashuka Aden, akaja Unguja, akapanda Kenya na Uganda, akavuka Kongo, akatokea Afrika ya Kusini. Kitabu chake cha safari hiyo, Remote People, kilitoka mwaka 1931. Amejaa malalamiko ndani yake: joto la Unguja lilimwelemea, na kungoja vyombo vya safari kulimtia uchungu. Lakini ni malalamiko ya kijana. Mtu asiyetarajia kitu halalamiki kwa nguvu kiasi kile. Mwaka 1935 alirudi tena Uhabeshi kuandika vita vya Waitalia, na mwaka 1946, alipokusanya vipande vya vitabu vyake vya safari katika juzuu moja, alitangaza katika dibaji kwamba siku zake za kusafiri zimekwisha.

Alikuwa na miaka zaidi kidogo ya 40 alipoyasema hayo, na jambo hilo lastahili kuangaliwa. Vita vilikuwa vimeibadili dunia aliyoipenda, naye alikata shauri kwamba mlango umefungwa. Hata hivyo mwaka 1954 alipanda meli kwenda Ceylon kutafuta afya, na humo chomboni, kwa sababu ya dawa za usingizi alizozoea kunywa, akawa anasikia sauti za watu wanaomsimanga na kumtisha, watu ambao hawakuwapo. Alipopona aliyageuza mateso yale kuwa riwaya, iliyotoka mwaka 1957. Kwa hiyo mtu aliyeshuka Mombasa mwaka 1959 alikuwa amekwisha kujifunza kutoamini hata masikio yake. Alikuja kuikimbia baridi ya kwao, kama wafanyavyo wazee wengi wenye nafasi, na hakujidai kuwa na neno jingine.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa hapa, na ni vema kutoyachanganya. Mtu huchoka, na mtu hukinai. Aliyechoka hukosa nguvu. Akipewa kivuli, maji na usingizi wa usiku mmoja huamka na kuendelea. Aliyekinai hana upungufu wa nguvu, ana wingi wa kushiba: chakula kile kile kilichomtoa mate jana leo kinamrudi kooni. Wachuuzi wa sokoni huijua tofauti hii kwa kuangalia uso tu. Mnunuzi aliyechoka huketi juu ya gunia akapumzika kisha akauliza bei. Aliyekinai hupita katikati ya mafungu ya nyanya, macho yako juu ya bidhaa na hayagusi kitu. Waugh katika Nyanda za Juu alikuwa na vyote viwili, lakini kilichoandika kuhusu Mbeya ni kukinai. Alikuwa ameona miji mingi mno iliyojengwa na Waingereza mbali na kwao, na mapaa mekundu yalimkumbusha yote kwa pamoja. Wala kukinai si mali ya wazee peke yao. Rimbaud yule yule wa Harar aliuacha ushairi kabla hajatimiza miaka 25, akaenda kuuza kahawa na bunduki, na akafa mwaka 1891 akiwa na miaka 37.

Iko fadhila moja katika macho ya namna hii, na haifai kufichwa. Wazungu waliopita nyanda hizi mwanzo walikuwa vijana, na vijana hukuza mambo. Mwaka 1879 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21, aliongoza msafara kupita Uhehe kwenda ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, baada ya mkuu wake Keith Johnston kufa Behobeho. Mkubwa wa wapagazi wake alikuwa Chuma, Myao aliyekuwa na Livingstone mpaka mwisho na aliyeijua kazi ya safari kuliko bwana wake. Katika maandishi ya Thomson kila kilima kinamngoja yeye apande juu yake. Waugh hakukuza kitu. Alijiita mtalii kwenye jalada la kitabu, akakubali kwamba anachukuliwa na magari ya watu wengine, anakula chakula cha hoteli, na anaona kile anachoonyeshwa. Mtu mzima aliyekinai hana haja ya kujifanya shujaa. Ukweli wake kuhusu nafsi yake unaweza kutegemewa. Ukweli wake kuhusu mji ndio wenye mashaka.

Mashaka hayo yanaonekana wazi zaidi anapowekwa kando yake msafiri mwingine. Januari 1962, miaka mitatu baada ya Waugh, ndege ndogo ilitua Mbeya ikitoka Bechuanaland. Ndani yake alikuwamo Nelson Mandela, wa miaka 43, aliyekuwa ametoroka Afrika ya Kusini kwa siri kwenda mkutanoni Addis Ababa. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, kwa hiyo uhuru ulikuwa na umri wa wiki chache tu. Mandela alikwenda hotelini akakuta weusi na weupe wameketi barazani wakizungumza. Hakuwa amepata kuingia hoteli isiyobagua rangi. Alishangaa zaidi mgeni mmoja Mwafrika wa hoteli alipomwuliza mwanamke mweupe wa mapokezi kama John Mwakangale wa TANU, mtu wa upande ule ule wa nchi, amefika kuwaulizia, kisha akamwonya awaangalie vema wageni hao, na mwanamke yule akalipokea onyo kwa adabu. Baadaye katika kumbukumbu zake Mandela aliandika kwamba ni hapo alipojiona kwa mara ya kwanza kuwa mtu huru.

Baraza ni baraza, bustani ni bustani, na mlima Loleza haukusogea. Mmoja aliona mahali pasipo sababu. Mwingine alipata mahali hapo kitu alichokuwa hajakipata kwa miaka 43. Itasemwa kwamba katikati yao palipita Uhuru, na ni kweli. Lakini Uhuru haukuanza siku bendera ilipopandishwa. Nyanda za Juu Kusini zilipiga kura Septemba 1958, miezi michache kabla Waugh hajafika, na Mwakangale aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura hizo. Jambo lilikuwapo mjini tayari. Lilihitaji mtu mwenye kiu ili lionekane.

Hata hivyo msomaji asimsifu Mandela kupita kiasi katika habari hii, kwani naye alilala usiku mmoja akaondoka. Waandishi wote wawili waliiandika Mbeya kutoka hotelini. Sababu ya mji, kama yupo aliyetaka kuijua, ilikuwa mwendo wa miguu tu kutoka hapo, chini ya mabanda ya soko.

Wilaya zinazouzunguka mji ule hazifanani katika jambo lolote. Kusini, kupita Rungwe, mvua hunyesha karibu mwaka mzima na migomba husimama mpaka mlangoni. Zaidi ya hapo, chini kabisa kando ya ziwa, Kyela hulima mpunga. Mashariki ni bonde la Usangu, lenye mpunga wake na ng'ombe. Umalila juu ya milima kuna baridi ya viazi. Magharibi ni Mbozi na kahawa yake. Chunya ni kavu. Nchi zenye haja tofauti na zilizokaribiana namna hii hulazimika kukutana mahali, na mahali penyewe ni hapo njia zinapokatana. Dhahabu iliuchagua mji mapema kidogo, basi. Ndizi, mchele na viazi vingeuchagua baadaye hata kama dhahabu isingalikuwapo. Iringa nayo, licha ya sifa zake za vita, huishi kwa mambo ya namna hiyo hiyo: vitunguu na nyanya za Ilula, mahindi, vikapu vya milulu ambavyo wanawake wa Kihehe husuka, na ulanzi unaogemwa katika mianzi wakati wa mvua.

Watu wa masoko hayo walikuwa wasafiri kuliko Waugh. Tangu miaka ya kati ya vita viwili wanaume wa Unyakyusa walikwenda Lupa kuchimba dhahabu, wakavuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakafika mashimo ya Afrika ya Kusini. Wabena wa Njombe walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Walirudi na mablanketi, baiskeli, kikohozi, lugha tatu au nne, na umri. Mtu wa miaka 55 aliyekaa nyuma ya fungu la maharage mwaka 1959 aliweza kabisa kuwa ameishi Kitwe na Johannesburg, amelala katika mabweni ya wachimbaji, na kuichoka dunia kwa haki yote kuliko mgeni aliyekuwa akipita mbele yake. Yeye hakuandika kitabu. Uzee wake ulikwenda wapi?

Kwa upande wa Wanyakyusa jibu lipo, kwa sababu Godfrey na Monica Wilson walikaa kwao kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica, aliyefiwa na mumewe mwaka 1944, alitoa kitabu mwaka 1951 juu ya vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni. Walipokua wakaoa hapo hapo, na kijiji kikazeeka pamoja nao. Kilichowafunga kilikuwa ukwangala, neno lenye maana ya kula, kunywa na kuzungumza pamoja na wenzi wa umri wako. Takriban mara moja katika kila miaka 30 ilifanywa sherehe ya kutoka, ubusoka, ambapo kizazi cha baba kilikabidhi madaraka na ardhi kwa kizazi cha wana na kusogea kando. Chifu mzee hakutazamiwa kuishi siku nyingi baada ya hapo. Wataalamu waliofuata wamehoji kama desturi hiyo ilikuwa ya kale sana au imara kama ilivyoelezwa, na hoja zao zina uzito. Lakini wazo lenyewe halikatazwi na hoja hizo: kwamba uzee ni kazi inayofanywa na watu wengi kwa pamoja, yenye siku yake na majirani zake. Ukali wa sherehe ile haufichiki. Mzee aliambiwa mbele ya watu wote kwamba zamu yake imekwisha. Waugh hakuambiwa na mtu. Alijiambia mwenyewe mwaka 1946, na kwa kuwa hakuwa na rika la kusogea nalo kando, miaka kumi na mitatu baadaye alikuwa bado njiani.

Basi soko linaweza kusomwa kama mahali ambapo ukwangala ulipata makazi mapya vijiji vya rika vilipovunjika kwa uhaba wa ardhi na safari za machimboni. Wazee wa Mwanjelwa na wa soko kuu la Iringa hawafiki alfajiri kwa ajili ya faida peke yake. Faida ya fungu la viazi haiwezi kumlipa mtu baridi ya Julai. Aliyesema ugonile au kamwene mara mia kabla ya adhuhuri, na kuitikiwa mara mia, huwa amepata kitu ambacho hakimo katika hesabu za ushuru. Wapo pia wanaochoka hapo, bila shaka. Gunia la lumbesa lina uzito ule ule kwa mgongo wa kijana na wa mzee, na dalali hamwonei mtu haya kwa sababu ya mvi.

Mji usiokuwa na sababu uliendelea. Hesabu ya mwaka 1967 ilikuta watu 12,000 hivi katika Mbeya. Ile ya 2022 ilikuta 541,603. Barabara kuu iendayo Zambia ilitiwa lami, na Mwanjelwa, iliyokuwa kando, ikawa ndiyo katikati. Mwezi Desemba 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto. Wengi wa wafanyabiashara wake walihamia Sido. Sido nako kukaungua mwaka 2011, na tena mwaka 2017. Aliyekuwa na miaka 40 katika moto wa kwanza alikuwa amepita 50 katika moto wa mwisho, yaani umri ule ule alioujia Waugh. Mara tatu aliona mtaji wake ukiwa majivu, na mara tatu, kwa wale waliobaki, alitandika turubai akapanga mafungu upya. Mtu akitaka kujua maana ya kuchoka bila kukinai, anao wa kuwauliza.

Waugh alifariki tarehe 10 Aprili 1966, akiwa na miaka 62. Kitabu chake cha Afrika hakukithamini sana mwenyewe. Reli aliyoicheka kwa kukosekana kwake ilianza kujengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Mbeya ikapata stesheni yake. Gari moshi likisimama katika vituo vya nyanda hizo, wanawake hulikimbilia na sinia za ndizi vichwani, abiria hutoa vichwa madirishani, na bei huulizwa kwa haraka, maana hakuna ajuaye litaondoka saa ngapi.